Mtoto Aliyeachwa Ndani ya Behewa

Edinah Sitati alikuwa amevuka miaka hamsini bila kuwahi kujiuliza yeye ni nani. Hakuwa na sababu. Alikuwa fundi wa sare za shule pale Kaptembwo, mtaa wa mji wa Nakuru, kwenye kibanda cha mabati chenye cherehani mbili, na kila Januari wazazi walijaa mlangoni na watoto wao wa kupimwa. Mumewe alikuwa amefariki. Watoto wake wawili walikuwa watu wazima: Quincy alipaka magari rangi katika gereji mjini, na Mitchelle aliuza simu dukani. Nyumbani kwake, katika mtaa jirani wa Rhonda, alikaa pia baba yake, ambaye majirani wa zamani walimwita Sitati wa Injini.

Mzee Sitati alifika Nakuru kutoka Bungoma akiwa kijana, akaajiriwa na reli siku zile ambazo gari la moshi lilikuwa la moshi kweli. Kazi yake ilikuwa kutunza moto. Alisimama kando ya dereva, jicho moja kwenye mafuta mazito meusi yaliyowaka tanurini, jicho la pili kwenye maji, ili mvuke usipungue wakiwa katikati ya mlima. Injini za mvuke zilipoondolewa alihamishiwa karakana, akastaafu huko. Yeye na mkewe Nanyama walijaliwa mtoto mmoja tu, Edinah.

Mwaka jana kumbukumbu zake zilianza kuchanganyika. Hakusahau majina kama wazee wengine. Alisahau miaka. Angeamka, avae koti, asimame mlangoni akimsubiri kijana wa kumwita zamu, kijana ambaye alikuwa amekufa zamani. Edinah alimrudisha ndani polepole, akampa chai, na jua likishapanda mzee alikuwa amerudi kwenye mwaka wa leo na anauliza kama mvua imenyesha Bungoma.

Wazo la safari lilikuwa la Mitchelle. Jioni moja alimwonyesha babu yake video kwenye simu, injini ya mvuke ya nchi fulani ya mbali ikipanda mlima. Mzee aliishika ile simu kwa mikono miwili, akatazama, akarudia kutazama, kisha akasema kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia siku nyingi, "Mpeni mvuke. Anakufa huyo."

"Kuka," Mitchelle akamwuliza, kwa kuwa hivyo ndivyo wajukuu walivyomwita kwa Kibukusu, "ni njia gani ulikuwa unapenda zaidi?"

"Tomsoni."

Tomsoni lilikuwa jina la Nyahururu enzi za wakoloni. Wazee wa reli hawakuliacha.

Basi wakapanga Jumamosi moja. Quincy aliazima gari la rafiki yake, Probox. Wangepanda kwa barabara ya milimani ya Subukia hadi Nyahururu, waone stesheni ya zamani, kisha warudi kwa njia ya Ol Kalou na Gilgil, ambako reli na barabara zinashuka pamoja. Huko juu wangeona ziwa Ol Bolossat, na chini wangeona Elementaita. Edinah alipika chapati, akachemsha mayai, akajaza chai kwenye chupa mbili. Lakini moyo wake haukutulia.

"Tunampeleka kuona kitu ambacho hakiko," alimwambia binti yake.

"Ataona milima, Mum. Ataona maziwa. Hata kukaa dirishani tu atafurahi."

Mzee alikaa mbele na Quincy, amevaa koti, tai na kofia, fimbo katikati ya magoti. Walipoanza kuondoka aliuliza nani ameshika zamu yake. Quincy akajibu bila kusita, "Wewe ndio zamu leo, Kuka." Mzee akaridhika. Edinah, kiti cha nyuma, hakujua kama acheke au amgombeze mwanawe.

Barabara ilipita mashamba ya mahindi, ikashuka bonde la Subukia, halafu ikaanza kupanda. Kona ilifuata kona. Upande mmoja ukuta wa mlima wenye misitu, upande wa pili bonde lote liko wazi chini, mabati ya nyumba yaking'aa kama vipande vya kioo. Probox ililalamika. Mzee alianza kutingisha kichwa.

"Anataka maji," alisema.

"Nani, Kuka?"

"Injini. Msikilize. Hana maji."

Quincy akacheka. Kona mbili mbele, mvuke mweupe ulifumuka kutoka chini ya boneti, na gari likasimama ubavuni mwa mlima. Wote walishuka isipokuwa mzee, ambaye alibaki kitini akitazama ule mvuke kwa furaha kubwa, kama mtu aliyekutana na ndugu. Ilibidi wangoje radieta ipoe, kisha Quincy akamimina maji yote ya kunywa waliyobeba. Mitchelle alipiga picha. Edinah mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, na akafikiri kwamba hata safari ikiishia hapo itakuwa imetosha.

Nyahururu walifika jua likiwa limepanda. Waliacha gari barabarani wakatembea hadi kwenye stesheni. Majani yalikuwa yameota kati ya reli, madirisha ya jengo yalikuwa yamefungwa kwa mbao, na mtu alikuwa ametandaza turubai mahali abiria walipokuwa wakisimama, akaanika mahindi juu yake. Mzee hakuona majani wala mbao. Alitembea akiwa amenyooka, akipita mahali pa dereva, mahali pa matangi ya maji, mahali pa mabehewa ya daraja la kwanza. Wao watatu walimfuata. Mwishoni kabisa alisimama, akaelekeza fimbo chini.

"Hapa ndipo tulipokuokota," alimwambia Edinah.

"Kuokota nini, Papa?"

"Wewe. Ulikuwa behewa la mwisho, chini ya kiti. Blanketi ya bluu. Watu wote walikuwa wameshuka. Ulikuwa hulii, unatazama tu."

Edinah alitabasamu, kama alivyotabasamu asubuhi zote za koti na zamu. "Papa, mimi nilizaliwa Misikhu, kule Bungoma. Kwa nyanya, kwa kukhu."

"Nilikuingiza ndani ya koti langu kwa sababu kulikuwa na baridi. Dereva akasema tupeleke polisi. Nikamwambia polisi hawana maziwa." Mzee alimtazama usoni, macho makavu, ya mtu anayesimulia jambo la jana. "Nilikupeleka kwa mama yako Nakuru. Akakuita Edinah."

Quincy alitazama viatu vyake. Mitchelle alimshika mama yake mkono, na Edinah aliuvuta mkono ule bila kukusudia.

"Ni kuchanganyikiwa tu," Edinah alisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Mnajua vile yeye huwa."

Wakati huo mwanamke mzee alitoka nyuma ya jengo na ufagio wa njiti, kitambaa kimefungwa kichwani, sweta mbili moja juu ya nyingine.

"Wazee, pole pole na mahindi yangu," alisema. Halafu akasimama. Alimkazia mzee macho, akasogea, akamtazama tena chini ya kofia. "Ni Sitati? Sitati ya injini?"

Mzee hakumtambua. Mwanamke yule akasema jina lake ni Wachuka, na mumewe marehemu ndiye aliyekuwa akigeuza njia za reli hapo stesheni. Kazi ilipokwisha wao hawakuondoka, walinunua kijishamba nyuma ya nyumba za reli. Aliongea na wote kwa haraka, akashika mikono ya kila mmoja, na alipofika kwa Edinah hakuuachia mkono wake.

"Na huyu ni kale katoto? Kale ka gari la moshi?"

Alimwinamisha Edinah kidogo, akamtazama shingoni.

"Ngai, Mungu wangu! Nilikuosha mimi na maji moto, hapo, kwa ile nyumba ya pili. Ulikuwa na jipele hapa kwa shingo. Baba yako akaenda na wewe na injini, nikasimama hapa naangalia." Kisha akamgeukia mzee, akisema naye kana kwamba ni kijana. "Wewe ukapelekwa njia nyingine, sikusikia tena habari yake. Miaka yote hiyo nauliza, kalipona? Kumbe kamekuwa mama mzima."

Edinah aliwatazama wazee wale wawili kwa zamu. Mzee mmoja anaweza kuota. Lakini wazee wawili, wasioonana kwa miaka mingi, wangeotaje ndoto moja?

"Mama," alimwuliza Wachuka, "huyo aliyemwacha mtoto alikuwa nani?"

"Hakuna mtu alijua. Wengine walisema alipanda Gilgil, wengine wakasema Ol Kalou. Msichana mdogo tu. Pengine alishuka kununua kitu gari likamwacha. Pengine alishuka ndio gari limwache." Alimpapasa Edinah shavuni. "Usimchukie. Hiyo miaka ilikuwa ngumu."

Walipoagana, Wachuka aliwapa namba yake ya simu na mfuko wa viazi. Edinah alishukuru kwa adabu, akatembea hadi kwenye gari, akafungua mlango wa mbele badala ya wa nyuma, akafunga, akafungua wa nyuma.

Mtu mmoja tu aliyebaki hai ndiye angeweza kujua: Emmy, mdogo wake mama, aliyeishi Misikhu. Edinah alimpigia simu gari likiwa bado halijawashwa. Imezimwa. Alipiga tena walipotoka mjini. Imezimwa. Mama Mdogo Emmy alikuwa na tabia ya kupeleka simu kuchajiwa dukani na kuisahau huko.

Waliteremka na barabara ya Ol Kalou. Baada ya muda ziwa Ol Bolossat lilitokea upande wa kushoto, pana, limejaa nyasi, huku milima ya Nyandarua imesimama nyuma yake imefunikwa na mawingu. Walikuwa wamepanga kula hapo. Wakatandika shuka, wakatoa chapati. Ndege wenye taji la manyoya ya dhahabu walitembea kwenye majimaji. Mitchelle alisema, "Mum, ona," na Edinah alitazama asione chochote.

Alikuwa akitazama mikono ya baba yake. Vidole virefu, kucha pana. Alitazama vyake. Vifupi. Alijaribu kukumbuka vya mama yake na hakuweza. Alikumbuka tu jinsi mkono ule ulivyomshika kila walipofika stesheni, kumshika mpaka kuumiza, hata alipokuwa msichana wa sekondari. "Niachilie, Mama, watu wanatuona." Mama hakumwachilia hata mara moja. Hapo zamani Edinah alidhani ni woga wa magurudumu. Sasa kila kitu kilikuwa na maana mbili. Kwa nini walikuwa hawana mtoto mwingine? Kwa nini hakuna mtu Misikhu aliyewahi kumwambia amefanana na fulani? Au waliwahi kumwambia, na yeye hakusikiliza?

Na kama ni kweli, Quincy na Mitchelle ni akina nani? Na yule msichana wa kwenye gari la moshi, yuko hai? Yuko hapa karibu, kwenye moja ya nyumba hizi zenye moshi, anamenya viazi?

"Papa," alisema, akikaa karibu na mzee. "Niambie tena ile habari ya behewa."

Mzee alikuwa akimenya yai kwa uangalifu. Alimtazama kwa muda, na Edinah aliona kwamba mwaka umebadilika tena machoni pake.

"Nanyama," mzee alisema, akimwita kwa jina la marehemu mkewe, "acha kulia. Si wao ndio wenyewe? Tungefanya nini na wao ndio wenyewe?"

"Silii, Papa. Ni mimi, Edinah."

"Hata mimi nilikuwa nimemzoea," alisema mzee, na akampa nusu ya yai.

Edinah alikula lile yai. Hakuelewa neno hata moja.

Wakashuka kuelekea Gilgil. Reli ilionekana na kupotea, mara kulia, mara kushoto. Mzee alisinzia. Quincy alijaribu kuzungumza kwa upole, akimtazama mama yake kwenye kioo.

"Mathe, hata kama ni kweli, si ni yeye alikulea? Si hiyo haibadilishi kitu?"

"Najua, Quincy."

"Sasa kwa nini unakaa hivyo?"

"Sijui. Ukijua wewe, uniambie."

Walisimama juu ya Elementaita, pale ambapo watu husimama kutazama ziwa kutoka barabarani. Jua lilikuwa limeanza kuinama na maji yalikuwa meupe kingoni kwa magadi, na ndege aina ya heroe wamepanga mstari wa waridi. Mzee aliamka, akasema ziwa limekuwa kubwa, kisha akasema limekuwa dogo. Simu ya Edinah ikalia.

"Nimeona umenipigia mara nyingi," alisema Mama Mdogo Emmy. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mama Mdogo, nataka unijibu ukweli. Mimi niliokotwa kwenye gari la moshi?"

Emmy alisikika akifunga mlango.

"Nani amekuambia hayo?"

"Papa. Na mwanamke wa Nyahururu aliyeniosha."

"Hakukuosha wewe," alisema Emmy. "Wewe nilikuosha mimi, hapa Misikhu, ndani ya hii nyumba niliyomo sasa. Nilishika taa wakati kukhu anakata kitovu. Ulitoka na kelele kama mbuzi. Nani anaweza kusahau?" Alivuta pumzi. "Yule alikuwa mwingine. Kama miaka miwili kabla yako. Dada yangu alikuwa ameolewa muda mrefu bila mtoto, watu wamemsema, amechoka. Siku moja bwanake akaingia na mtoto ndani ya koti. Yeye akadhani Mungu amejibu. Akamwita Edinah. Waliripoti polisi baadaye, lakini hakuna mtu alikuja. Alikaa naye mpaka mtoto akaanza kukaa mwenyewe. Halafu nyanya ya yule mtoto akaja, na yule msichana nyuma yake analia, na polisi. Wao ndio walikuwa wenyewe mtoto. Akawapa."

"Mama hakuniambia."

"Alitukataza. Alikaa siku nyingi bila kula. Nilienda Nakuru kumtazama, nikamkuta amekaa na kile kiblanketi. Ndipo akapata mimba yako. Ulipozaliwa tukamwambia atafute jina lingine, jina hilo lina uchungu. Akakataa. Akasema akiita Edinah, anataka mtu aitike."

Edinah alisimama pembeni mwa barabara, malori ya kwenda Nairobi yakipita mgongoni mwake. Alipaswa kufurahi. Alimshukuru mama yake mdogo, akaeleza watoto, na Quincy akapiga makofi na kusema, "Si nilisema!" ingawa hakuwa amesema hivyo. Mitchelle alimkumbatia. Lakini ndani yake furaha ile haikukaa sawasawa. Kwa nusu siku alikuwa mtoto aliyebebwa ndani ya koti, aliyechaguliwa na kijana wa injini ambaye alikataa kumpeleka polisi kwa kuwa polisi hawana maziwa. Sasa alikuwa amerudi kuwa yule aliyezaliwa kama watu wote, na jina alilolibeba maisha yake yote lilikuwa la mtu mwingine kwanza. Hakujua kama amepata kitu au amepoteza. 

Mzee alikuwa amefungua mlango wa gari, miguu nje, akitazama maji.

"Yule mtoto," aliuliza, "alifika?"

Edinah alichuchumaa mbele yake, akamfunga vifungo vya koti, maana upepo wa ziwani ulikuwa umeanza.

"Alifika, Papa. Alifika kwao."

"Alikuwa anakula vizuri?"

"Alikuwa anakula."

"Mama yake asimpige," alisema mzee. Kisha akaomba chai.

Wiki chache baadaye Edinah alipanda tena Nyahururu, safari hii na Mitchelle peke yake. Aliona si haki Wachuka abaki na uongo. Walimkuta akipukuchua mahindi, na Edinah akamweleza yote: kwamba mtoto wa behewa alirudishwa kwao, na yeye ni Edinah wa pili, aliyezaliwa Misikhu.

Wachuka alisikiliza mpaka mwisho. Alimshika kidevu, akaugeuza uso wake huku na huku kwenye mwanga.

"Hapana," alisema. "Wamekuficha. Haya macho nayajua."

Edinah alichukua hindi moja, akaanza kupukuchua naye. Alikuwa na neno la Emmy, na Wachuka alikuwa na macho yake mwenyewe. Njiani Mitchelle alimwuliza anaamini nani.

"Namwamini Mama Mdogo," alisema Edinah. Baada ya kona kadhaa akaongeza, "Siku nyingi namwamini."

Siku hizi Wachuka humpigia simu jioni za Jumapili. Humwuliza hali ya baba yake, humwambia kama baridi imeunguza viazi, na kabla ya kukata humwita mtoto wangu. Mara za kwanza Edinah alikuwa akianza kumsahihisha. Ameacha. Husema, "Ndiyo, Mama, lala salama," kisha huenda kumtazama mzee kama amevua koti.